Shangazi, Mwanza nikimbie wapi?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mzaliwa wa Mombasa, nimeletwa Mwanza na kazi. Mkataba wangu ni wa miaka 2. Nimepanga Pasiansi, chumba na sebule, kwa mama mmoja mwema aliyenipokea kama mwanawe. Kazini sina neno. Chakula sina neno, sato nimemzoea hata changu na tafi nimeanza kuwasahau. Linalonikosesha raha ni moja tu, na kila nikilitaja mbele ya wenzangu huonekana dogo, ndiyo maana nakuandikia wewe: sina pa kukimbilia.

Nilianza kukimbia pale daktari alipompima mamangu presha, kisha akanigeukia mimi na kuniambia niutunze mwili wangu mapema kwa sababu maradhi hayo yamo katika ukoo. Basi siku za kazi, nikishaswali alfajiri, nilikuwa nashuka Mama Ngina, ile barabara ya kando ya bahari, nakwenda hadi Lighthouse na kurudi. Mwisho wa wiki tulikuwa tukienda Nyali maji yakipwa, tukikimbia juu ya ule mchanga mgumu ulioachwa wazi na bahari. Sikuwa na haja ya kuitafuta njia. Wazee wa barazani walinijua, muuza kahawa alinijua, na nisipopita siku mbili waliniuliza nilikuwa wapi.

Hapa Mwanza kila nilichojaribu kimenishinda. Nilianza kwa kutoka saa kumi na mbili kasorobo, kama nilivyozoea kwetu, nikakuta giza totoro. Mama mwenye nyumba alinisikia nikifungua geti, akatoka na kanga yake, akaniambia hapa mtoto wa kike hatoki saa hizo, akafunga. Nikajaribu jioni, barabara kuu ya kwenda uwanja wa ndege. Haisi zinapakia na kushusha kila hatua, bodaboda zinapita pembeni ya lami, pale pale ninapokanyaga, na mmoja alinifuata mwendo mrefu, polepole, akinishawishi nipande. Alikuwa na adabu, sikatai, lakini nilirudi nyumbani natetemeka. Nikaona bora nipande kilimani, kwenye njia za miguu zinazopita kati ya majabali. Moja ikaniingiza uani kwa watu wanapopika, nyingine ikaishia kwenye mwamba, na kwenye ya tatu wakanitokea mbwa wawili.

Ziwani nako nilikwenda, nikidhani nitaipata Nyali yangu. Mchanga ni ukanda mwembamba tu, tena umelala upande, na mzee aliyekuwa akishona nyavu akaniambia nisisogee karibu na matete.

Halafu kuna haya mbele ya watu. Wakijua natoka Kenya wanadhani natoka Eldoret. Watoto wakiniona wananifuata nyuma wakipiga kelele "Kipchoge! Kipchoge!", na mimi nimevaa suruali pana na hijabu, nahema. Maana pumzi nayo imenitupa. Mwendo niliokuwa nikiumaliza huku nikizungumza sasa unanisimamisha njiani, mkono kiunoni. Najiuliza kama nimezeeka ghafla.

Mwenzangu wa kazini amenishauri nijiunge na jimu nikimbie kwenye mashine. Nimejaribu. Nakaa ndani ofisini mchana kutwa, halafu nilipie kukaa ndani tena? Mamangu kwa simu anasema niache tu mpaka nirudi, nchi ya watu si pa kuzurura. Sasa viatu viko chini ya kitanda. Usingizi umepungua na jioni zimekuwa ndefu. Nisaidie, Shangazi. Nikimbie wapi, na nikimbie vipi, bila kuwaudhi wenyeji wangu wala kujitia hatarini?

Mgeni wa Pasiansi, Mwanza

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu, na karibu Mwanza.

Jambo lako si dogo, na usikubali mtu alifanye dogo. Anayehama nchi huacha mengi kwa mkupuo mmoja. Kile kinachomletea usingizi na kumkinga na presha ya ukoo hakifai kuwa miongoni mwa hayo, na miaka 2 ni mingi mno kwa viatu kukaa chini ya kitanda. Nitaanza na pumzi, kwa sababu nahisi hiyo ndiyo inayokuuma zaidi ya yote uliyoandika.

Hujazeeka, mwanangu, umepanda juu tu. Mombasa ulikuwa usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa huo, na kila unapokanyaga hapa ni juu zaidi ya ziwa. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, kila pumzi inakuja na oksijeni pungufu kidogo, na mwili unahitaji wiki kadhaa kujipanga upya. Juu ya hapo, Mombasa ulikuwa ukikimbia tambarare, na huku kila mtaa una mlima wake. Watoto wanakuita Kipchoge bila kujua kwamba Eldoret ni mita 2,100 hivi, na kwamba wakimbiaji kutoka nchi za mbali hupanda huko kwa makusudi ili miili yao ijifunze kazi hiyo hiyo inayokutesa wewe sasa. Kwa hiyo mwezi wa kwanza usitazame saa wala kilomita. Kimbia kwa mwendo unaokuruhusu kuongea. Ukishindwa kuongea, tembea mpaka pumzi irudi, kisha endelea. Mlimani tembea bila aibu. Ila kabla hujaanza tena, nenda zahanati upimwe presha, na ukisikia kifua kinabana au kichwa kinazunguka, acha hapo hapo uende hospitali. Hilo sikutishi, ni kwa sababu ya yale aliyokuambia daktari wenu.

La pili ni giza. Saa za Kenya na Tanzania ni zile zile, lakini Mwanza iko mbali magharibi ya Mombasa, na jua linatufikia karibu nusu saa baadaye. Bila shaka umeona hata adhana ya alfajiri huku inachelewa. Saa kumi na mbili kasorobo, ambayo Mombasa ni mapambazuko, kwetu bado ni usiku. Mama mwenye nyumba alikuwa na haki kabisa ya kufunga geti, na moyo wake ni wa mzazi. Subiri mpaka saa kumi na mbili na nusu, na miezi kama Februari subiri zaidi, jua lenyewe hutoka karibu na saa moja. Kama kazini unaingia mapema na asubuhi haitoshi, basi chukua jioni, kwa sababu nusu saa iliyopotea asubuhi inakurudia huko. Jua letu huzama karibu saa moja, na wakati huo Mombasa watu wameshawasha taa. Ukitoka kazini saa kumi na moja unapata muda wa kufika nyumbani, kubadili nguo na kukimbia kwenye mwanga, upepo wa ziwa ukivuma kuelekea nchi kavu. Magharibi ikiingia uwe umesharudi, uswali nyumbani.

Sasa nije kwenye kiini. Barua yako imejijibu pale ulipowataja wazee wa barazani na muuza kahawa. Mombasa ulikuwa salama kwa sababu ya watu hao. Lami ya Mama Ngina peke yake isingekutosha. Walikuwa wakihesabu kupita kwako, na yeyote mwenye nia mbaya aliona kwamba unahesabiwa. Hapa umekwenda kutafuta njia kabla hujapata watu. Ndiyo maana kila njia imekukataa, hata zile nzuri. Mgeni anayekimbia kwenye mtaa asiojulikana ni swali kwa kila anayemwona: anamkimbia nani, ameiba nini, amepatwa na nini? Mtaa ukishajibiwa swali hilo unatulia, na wewe unatulia.

Kwa hiyo anzia ofisi ya serikali ya mtaa. Mwombe mama mwenye nyumba akupeleke, mwende wawili, ajitolee yeye kukutambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa balozi wa eneo lenu, yaani kiongozi wa nyumba kumi. Sema wewe ni nani, umetoka wapi, unafanya kazi gani, na kwamba unapenda kufanya mazoezi jioni upande fulani. Itakuchukua dakika chache, na siku ukipata shida mwenyekiti atakuwa anajua anamtafuta nani. Kisha nenda kijiwe cha bodaboda kilicho karibu na kwenu. Kila kijiwe kina mwenyekiti wake, mwulize kwa jina la cheo, msalimie, mwambie yale yale. Yule kijana aliyekufuata alikuwa akitafuta abiria, hakujua kwamba kwako ni hofu. Kijiwe kikishaambiwa kwamba dada huyu anafanya mazoezi na hapandi, neno linasambaa, na vijana hao hao ndio watakaosimama ukianguka. Nimeona hilo mara nyingi kwa wasichana wa hapa wanaokimbia, hakuna mlinzi wa njia anayemshinda bodaboda wa kijiwe kinachokufahamu.

Halafu tembea. Kabla ya kukimbia njia yoyote, ipite kwa miguu, siku kadhaa mfululizo, saa ile ile utakayokimbia, ukiwa umevaa nguo zile zile za mazoezi. Utajua mbwa wa nyumba gani anafunguliwa saa ngapi, wapi lami inaisha, wapi taa hakuna, wapi mama lishe anakaa. Nunua kitu kwake. Salimia kila mtu mzima. Wazee wa Kisukuma ukiwaambia "mwangaluka" asubuhi au "mwadila" jioni watakusimamisha wakuulize ukoo, na hapo simama, jibu, kukimbia kutangoja. Ukifanya hivyo, wiki ya pili utapita mbio na watu watakuwa wameshakuzoea.

Na njia zenyewe? Wewe uko Pasiansi, basi ya kwanza iwe Bwiru. Acha barabara kuu, chukua ile inayoelekea kwenye shule za Bwiru. Magari ni machache, kuna wanafunzi na walimu wanaopita jioni, kuna miti na majabali, na ziwa liko karibu. Ina vilima, lakini hivyo ndivyo vitakavyokufundisha pumzi. Usiende mpaka mwisho wa njia mara moja. Nenda mpaka pale ulipokwisha kuzoeana na watu, geuka, na kila wiki sogeza kidogo.

Jumamosi au Jumapili asubuhi panda daladala mpaka mjini, uende Capri Point. Hii rasi ndiyo ninayodhani itakushika moyo, maana inakaribia Mama Ngina yako kuliko sehemu nyingine yoyote ya jiji hili: lami, nyumba zenye walinzi getini, ziwa linaonekana, na watu wengine wa mazoezi. Inapanda na kushuka na unaweza kuizunguka zaidi ya mara moja bila kwenda mbali na watu. Walinzi wa mageti wasalimie kwa zamu zao, hao ndio wazee wako wa barazani kwa upande ule.

Isamilo iache kwanza. Ni mlima mkali, mzuri sana kwa miguu iliyokwisha kuzoea, na ukifika juu unaiona Mwanza yote imelala kati ya mawe na maji. Baada ya miezi michache utaipenda. Barabara ya uwanja wa ndege ni ya Jumapili asubuhi peke yake, kabla haisi hazijaamka, na hata hapo kimbia upande wa kulia ili magari uyaone yanakuja. Kenya na Tanzania tunaendesha kushoto, kwa hilo hutapotea. Viwanja vya Nyamagana na Kirumba ni vya mpira, hivyo muulize msimamizi kama siku hiyo hakuna timu na kama unaruhusiwa kuzunguka pembeni. Ukipata rafiki anayeishi upande wa Nyegezi, mwombe akupeleke Malimbe, kilipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, na Luchelele mbele yake. Njia za huko ni tulivu, na vijana wa chuo wanaokimbia hawakosekani. Igombe, ng'ambo ya uwanja wa ndege, ni kuzuri sana, kijiji cha wavuvi na barabara ya vumbi, lakini usiende peke yako. Vivyo hivyo Kisesa mpaka Bujora iliko makumbusho ya Wasukuma: hiyo ni safari ya kundi, na mkishapumzika mwingie ndani mwone ngoma za kale.

Njia za kati ya majabali, zile zilizokuingiza uani kwa watu, ziache kabisa ukiwa peke yako. Kwenye vilima vyetu nyumba zimejengwa juu ya mawe na kati ya mawe, na kinachoonekana ni njia mara nyingi ni uwanja wa familia. Wewe hukumkosea mtu, walikuelewa. Mvua ikinyesha miamba hiyo inateleza vibaya.

Ziwani, mwanangu, nisikilize vizuri, kwa sababu bahari uliyokulia haikukufundisha haya. Ziwa letu halipwi wala halijai, kwa hiyo ule mchanga mgumu wa Nyali huku haupo. Mchanga uliopo unainamia maji, na ukikimbia juu yake kila siku utaumiza kifundo cha mguu na goti. Yule mzee wa nyavu alikuambia kweli kuhusu matete: mamba na viboko wapo ziwani, na kiboko hutoka majini kula majani giza likiingia. Kuna na kichocho. Vijidudu vyake hukua ndani ya konokono wadogo wa maji, hasa kwenye maji matulivu yenye majani, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu hata ikiwa nzima, bila kidonda wala mchubuko. Kuingiza miguu majini dakika chache baada ya mbio, kama ulivyokuwa ukifanya baharini, kunatosha. Basi tazama ziwa, vuta hewa yake, na miguu kaioshe nyumbani. Kama ulishaingia siku ile, usihangaike. Nenda kituo cha afya ukapimwe, na uwaambie ni lini uliingia, kwa kuwa ugonjwa huchukua wiki kadhaa kuonekana kwenye vipimo. Dawa ipo, ni vidonge, na inatibu.

Jambo jingine la ziwa ni radi. Usiku upepo wa nchi kavu hukutana juu ya maji kutoka pande zote, mawingu yanajengeka, na alfajiri mara nyingi mvua kubwa inakuja na ngurumo, hasa msimu wa vuli na wa masika. Ukisikia ngurumo, hata ya mbali, ondoka kilimani, ondoka ufukweni, usijikinge chini ya mti, ingia nyumba yoyote iliyo karibu ubishe hodi. Hakuna Msukuma atakayekunyima kibaraza kwenye mvua.

Mbwa nao. Ukimwona anakuja, acha kukimbia papo hapo. Simama, usimkodolee macho, rudi nyuma polepole huku umemwelekea. Akikung'ata, hata kama ni mkwaruzo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Usingoje kuona kama mbwa ataugua.

Kuhusu hijabu na suruali pana, vaa kwa amani. Mwanza ina Waislamu wengi na Wakristo wengi na hakuna atakayekushangaa kwa hilo. Chagua kitambaa chepesi, na jioni rangi inayoonekana, njano au nyeupe, madereva wakuone mapema. Mfukoni weka nakala ya kibali chako cha ukaazi na namba ya simu ya mwenye nyumba iliyoandikwa kwenye karatasi, maana simu huzima. Usipige picha karibu na uwanja wa ndege, bandari wala kambi ya jeshi, hata kama machweo ni mazuri namna gani.

Na wale watoto, mwanangu, usiwaonee haya. Wanakuita jina la bingwa kwa sababu wamefurahi kukuona. Punguza mwendo, waache wakukimbilie mpaka kona, kisha waambie "na ninyi ni akina Simbu!" Watalijua jina hilo. Alphonce Simbu wa Tanzania alitwaa medali ya dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia Tokyo mwaka 2025, akimpita mwenzake pale pale kwenye utepe kwa tofauti ya sehemu 3 za mia za sekunde. Na kama wazee wamekaa karibu, mtaje Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita upande wa Musoma, kwenye ziwa hili hili, aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Hapo utaona mazungumzo yanavyochangamka. Huku si kwamba watu hawajui mbio, wanazipenda na wanaye wa kumtaja.

Ndiyo maana nakusihi utafute kundi. Tanzania vikundi vya jogingi viko karibu kila mtaa, hukusanyika mwisho wa wiki alfajiri wakiwa na fulana za rangi moja, wanaimba mchakamchaka kwa kupokezana, na wanamchukua yeyote anayefika. Toka Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan alipokuwa Makamu wa Rais, Jumamosi ya pili ya kila mwezi ilitangazwa kuwa siku ya mazoezi kitaifa. Muulize mwenyekiti wa mtaa siku ile ile utakapokwenda kujitambulisha, atakuambia kundi lenu linakutania wapi. Najua kwa barua yako kwamba wewe unapenda kukimbia kimya, na kelele za nyimbo huenda zikakuchosha. Nenda hata mara moja kwa wiki. Siku nyingine kimbia kimya chako. Wale ndio wanaojua njia ipi imeharibika na mvua, mtaa upi umekuwa na vibaka, na kati yao utampata mwanamke mmoja wa mwendo wako. Na hapa kila mwaka kuna mbio za Rock City Marathon, ambazo huwa na masafa mafupi pia kwa wasiotaka kwenda kilomita 42. Barabara hulindwa, na ni nafasi ya kuikimbia Mwanza katikati ya mji bila haisi kukusukuma. Jiandikishe na wenzako wa kundi.

Hofu ya mamako nayo usiidharau. Mtu aliye mbali huogopa kila asichokiona. Mpigie ukiwa Bwiru, umesimama na yule mama lishe, uwaache wasalimiane. Mwambie jina la mwenyekiti wa mtaa na la mwenye nyumba.

Anza Jumatatu kwa ofisi ya mtaa. Ukishampata wa kukimbia naye, mpe mwenye nyumba namba zenu nyote wawili, na kila mkitoka mwambieni mnakwenda upande gani na mtarudi saa ngapi.